Vijana mnaotaka teyatri hapa Lubumbashi, mjue kwanza mambo haya

Wadogo zangu, na watoto wangu pia, juu wengine mnaweza kuwa wajukuu, naandika hii kwa mara moja ili nisiendelee kujibu mmoja mmoja ku WhatsApp. Ujumbe zinafananaka: "Papa, miye nataka kuingia ku televizyo, unisaidie." Karibu hakuna mwenye anaandika "nataka kujua kucheza". Wote wanataka kuingia. Sasa kuingia siku hizi ni rahisi sana, simu yako iko na kamera, Facebook haina mlinzi ku mlango, jioni unaposti na asubuhi binamu yako wa Kipushi ameshaona. Kwa hiyo ile ya kuingia tuiache, umeshaingia, karibu. Miye nitaongea ile inafuata.

Ya kwanza, na kama una haraka soma hii tu uende: kujulikana ni kitu kimoja na kulipwa ni kitu kingine, na huku kwetu hazikutanaki mara nyingi.

Kuna mchezo mmoja nilicheza baba mukubwa, yule anamfukuza mjane wa mdogo wake mu nyumba, ananyang'anya friji, ananyang'anya mabati ya ua, mpaka sufuria. Ilipita ku televizyo jioni. Kesho yake asubuhi niko soko ya Kenya, ile komini ya hapa Lubumbashi, natafuta tomate na lengalenga, mama muuzaji ananiangalia, anashika kile kirundo cha tomate nilikuwa nimeshachagua, anakirudisha mu kitunga polepole, moja moja, macho iko juu yangu. "Weye sikuuzishe. Enda kwa ule mujane ulinyang'anya sufuria, yeye njo akupikie." Wamama wa pembeni kucheka, mmoja akapiga makofi, watoto wakanifuata mpaka barabarani "Baba Mukubwa! Baba Mukubwa!" Nilifurahi, sitadanganya, mchezaji mwenye ananyimwa tomate amefanya kazi yake. Lakini angalieni vizuri: pale sokoni nilienda kwa mguu kutoka Katuba, na mfukoni nilikuwa na franka ya tomate na ya lengalenga, ya samaki haikuwemo.

Na kujulikana kuna gharama yake, hiyo hawakuambiaki. Mtu akikuona ku televizyo anafikiri uko na makuta, yaani pesa. Fundi wa mabomba anapandisha bei. Muuza makaa anapandisha. Ukifika mu kilio, yule mwenye kushika daftari ya michango anaandika jina lako juu kabisa, anaacha nafasi ya tarakimu, anakuangalia. Halafu huwezi kukasirika mbele ya watu, huwezi kugombana na dereva wa teksi, juu kesho yake watasema yule wa televizyo eko na kichwa kikubwa. Bibi yangu, Mungu ambariki, alishasemaka kwamba mi niko wa mji mzima isipokuwa ku tarehe ya kulipa nyumba.

Kwa hiyo uwe na kazi ingine. Najua hamupendi kusikia hii, mnataka niwaambie mjitoe kabisa, mwenye kuamini atafika, maneno ya wahubiri. Miye nawaambia wale wakubwa tuliwaangalia tukiwa watoto, wengi walikuwa watu wa kazi: wa Gécamines, ile kampuni kubwa ya migodi, wa reli ya SNCC, walimu, makarani wa ofisi. Teyatri ilikuwa ya jioni na ya wikendi. Mtu anatoka zamu ya kazi, anaoga, anakula bukari, ule ugali wetu, saa kumi na mbili eko kwa mazoezi. Na ile njo iliwapa nguvu ya kukataa mchezo mbaya, juu mshahara ulikuwa unatoka kwingine. Gécamines wakati ule, ile ilirithi Union Minière, ilikuwa inalisha, inasomesha, inatibu, na ilikuwa na kumbi zake mu makambi ambako watu walicheza bila kulipia ukumbi. Kiisha ikaanguka. Mgodi wa Kamoto ulibomoka 1990, mwaka uliofuata uporaji ukapita mu miji ya nchi nzima, mishahara ikaanza kuchelewa miezi na miezi, na 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakasaini karatasi ya kuondoka "kwa hiari", hiari ya njaa hiyo. Kumbi zikakuwa makanisa ao depo ya saruji. Na wachezaji wale wazuri, wenye walikuwa wanafikiri kampuni haitakufa, wengine walienda kulima ku barabara ya Kasenga na hatukuwaona tena ku jukwaa.

Kazi gani? Ile inakuachia jioni. Ushonaji, kutengeneza simu, ualimu, saluni. Usichukue kazi ya kulinda usiku, umeshakufa kama mchezaji. Na biashara ya Kasumbalesa, ku mpaka wa Zambia, ni nzuri kwa makuta lakini mpaka haujui saa ya mazoezi, tumeshapoteza vijana wawili watatu wazuri kwa malori ya kule. Wale wenye kutembea wakisema "miye naishi kwa sanaa tu", ulizeni kwanza bibi zao wanauza nini.

Sasa tuingie kwa kazi yenyewe, hapa nitakaa kidogo juu njo pale napenda.

Teyatri yetu ya Kiswahili, ile sisi wa umri huu tulikua nayo masikioni toka kundi la Mufwankolo, mchezaji wa hapa Lubumbashi, ku radio na ku televizyo, haiandikwi. Watu wa kutoka masomoni wanashangaaka, wanauliza "texte iko wapi?" Haiko. Mwaka wa 1986 profesa mmoja, Johannes Fabian, mwanaantropolojia, alikuwa huku na lile kundi akafuata namna wanajenga mchezo mzima kutoka ku methali moja tu kuhusu utawala, toka mazungumzo ya kwanza mpaka televizyo ikaja kurekodi kijijini. Kama mtu wa chuo kikuu alikuta kitu cha kujifunza pale, weye mwenye kuzaliwa mu Kamalondo usione haya kukaa chini ukaangalia.

Inaenda hivi. Mkubwa wa kundi analeta kichwa cha habari, tuseme mjane na nyumba. Watu wanakaa, kila mtu anasema ile ameona: kwetu shangazi alifanyiwa hivi, kwa jirani walikuja na lori usiku. Hakuna kuandika. Methali zinatupwa, nyingi zinakataliwa. Kiisha mkubwa anakata vipande: nani anaingia wa kwanza, anamkuta nani, na wakitoka, watu wenye kuangalia wawe wamejua kitu gani. Hiki cha mwisho shika sana. Kila kipande kina neno moja ambalo lazima litoke kinywani kwa mtu, la sivyo kipande kinachofuata hakieleweki. Mengine yote unaweza kuongeza, kupunguza, kuchekesha, kulingana na watu wa siku ile. Lakini lile neno lazima.

Nitawapa mfano. Mchezo huo huo wa mjane, siku moja tunaucheza ku uwanja wa shule mu Ruashi, watu wengi, watoto juu ya ukuta. Kipande cha kwanza: mama anatoka sokoni, jirani anamletea habari kwamba bwana yake amekufa kazini. Jirani alikuwa mchekeshaji wetu mkubwa. Akaingia, akasalimia, akatupa kamzaha moja juu ya bei ya unga, watu wakacheka. Akatupa ya pili, wakacheka zaidi. Akaona siku ni yake, akaongeza ya tatu na ya nne, watu wanashika tumbo, na yeye kwa ile raha akaaga, akatoka. Akatoka bila kusema kwamba mtu amekufa! Na miye, Baba Mukubwa, nimeshaingia upande ule mwingine, kitambaa cheusi ku mkono, sura ya msiba, niko nakuja kudai nyumba ya marehemu mwenye hakuna mtu anajua ni marehemu. Watu wakanyamaza, wananiangalia. Mi kichwa tupu. Yule mama mwenzetu, mwenye kucheza mjane, aliona kitambaa, akaniangalia uso, akaachilia kitunga, vitunguu zikatembea ku udongo, akashika kichwa: "Shemeji... hapana. Shemeji, usiniambie." Na akaanza kulia, kilio ya kweli ya huku kwetu, na mimi kazi yangu ilibaki tu kuinamisha kichwa. Watu wa Ruashi walifikiri tulipanga vile. Na kusema kweli ilikuwa nzuri kuliko ile tulikuwa tumepanga, tukaishika, toka siku ile jirani hakuleta tena habari, ni miye niliingia na kitambaa.

Hakuna shule inaweza kukupa ile ya yule mama isipokuwa kuangalia mwenzako usoni. Vijana wengi naona wakiwa ku jukwaa wanangojea zamu yao. Mwenzako anaongea, weye midomo inacheza kidogo kidogo, unarudilia maneno yako, tunakuona! Kamera inakuona zaidi. Sikiliza mwenzako hata kama ile anasema uliisikia jana kwa mazoezi, juu leo anaweza kuisema vingine, ao anaweza kuisahau, na ni weye uko karibu. Kama amesahau lile neno la lazima, umuulize: "Mama, na karatasi za nyumba umeziweka wapi?" Atakumbuka. Usimsemee wewe mwenyewe, utamfanya mtoto mbele ya watu na baada ya mchezo hatakusamehe.

Na kicheko. Kicheko kinaleweshaka kuliko bia baridi ya Simba mu Desemba. Ukichekesha watu na mchezo umesimama palepale hauendi mbele, wewe umewaibia wenzako. Namwambia hivi kila mtu mwenye kipaji cha kuchekesha, na kila mara hanisikii mpaka imkute.

Habari ya lugha. Wengi mkishika mikro mnaanza kuongea Kiswahili cha misale, kile kitabu cha misa, ao kile cha filamu za Tanzania, "naomba uniwie radhi mpenzi". Nani mu Katuba anaongea vile na bibi yake? Kiswahili bora kiko na mahali pake, padiri akitumie, mtangazaji akitumie, na kama unacheza padiri ukitumie kisawasawa, usikivunje, watu watajua. Lakini mama wa soko aongee kama mama wa soko. Mzee mwenye alifika toka Kaniama aongee na ile Kiluba ndani yake, kijana wa mpaka atie Kibemba, mkubwa wa ofisi atie Kifaransa kila anapotaka kudanganya. Kila mtu wa mchezo eko na Kiswahili chake, na hauwezi kukivumbua mu chumba. Uende ukae. Chukua bisi mpaka mwisho wa laini bila sababu. Kaa ku kituo, kwa mamama wa sambusa, kwa kilio ya mtu hata kama haumjui sana, utoe mchango kidogo na ukae kimya. Usirekodi watu na simu, ni adabu mbaya na pia ukirekodi hausikilizi.

Sauti nitapita haraka. Ukicheza inje ao chini ya mabati mu mwezi wa kwanza, mvua ikipiga, kupiga kelele hakusaidii, utapoteza sauti na hawatasikia. Pumua mpaka chini ya tumbo, ongea polepole zaidi, maliza neno mpaka mwisho wake, juu watu wetu wanakulaka mwisho wa maneno. Kwa kamera ni kinyume, punguza yote, uso, mikono, na usiangalie lenzi. Vijana wa simu, picha yenu ni nzuri kuliko ya zamani yetu, lakini hakuna kitu mnasikia ku video zenu, upepo na jenereta tu. Nunueni kamikro kadogo kale ka kuvaa ku shati kabla ya kununua ile taa ya mviringo. Na siku ya kurekodi msitegemee umeme wa SNEL, ni hivyo.

Sasa tuje kwa makuta ya ba-ONG, yale mashirika yasiyo ya serikali. Hapa nitagombana na wengi.

Kuanzia 2005, wakati wa kura ya katiba, na 2006 wakati wa uchaguzi, mashirika yalikuja kutafuta wachezaji wa kufundisha watu namna ya kupiga kura. Kiisha kolera, kiisha chanjo, kiisha haki za wanawake. Walilipa. Wengi wetu tulisomesha watoto na ile, miye pia, sitasema ni makuta mabaya. Lakini iliharibu kitu. Zamani kundi lilikuwa linaanza kwa "tumeona nini?" Sasa linaanza kwa "wanataka tuseme nini, na perdiemu ni ngapi?" Mchezo ukafika mwisho mtu anatoka mbele anasoma masomo matatu kama ku bango: nawa mikono, piga kura, peleka mtoto kituoni. Watu wanapiga makofi kwa adabu wanaenda, wamesahau kabla ya kufika barabarani. Kama mchezo umeeleweka hauhitaji kufasiriwa, na kama haukueleweka ile kufasiri haitauponya.

Ukichukua kazi ya namna hii, na utachukua, ufanye vitu viwili. Moja, ujue sheria ao ugonjwa kweli, usiseme ile umebambikwa. Kwa mchezo wa mjane tulienda kuuliza wakili, njo tukajua kwamba Kanuni ya Familia ya 1987, ile waliirekebisha 2016, inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya urithi, na robo moja inabaki kwa mjane, wazazi na ndugu za marehemu. Na mjane eko na haki ya kubaki kuishi mu nyumba alimoishi na bwana yake. Mi nilikuwa nacheza Baba Mukubwa siku zote bila kujua kwamba kisheria na yeye eko na kasehemu kadogo mu ile robo, na nilipojua nikamcheza vingine kabisa: si mwizi tena, ni mtu mwenye kuwa na haki ya kidogo mwenye anataka yote. Huyo watu wanamjua, eko mu kila familia. Pili, omba wawaachie watu waingie mu mchezo. Kuna Mbrazili, Augusto Boal, alianzisha namna hiyo miaka ya 1970, unacheza mpaka pale mambo yanaharibika, unasimamisha, unauliza "nani angefanya vingine?" na mtu wa kweli anatoka mu watu anakuja kuchukua nafasi ya mjane. Siku moja, mu Kenya, alikuja mama mzee kabisa, mwenye fimbo, hakubishana na miye hata neno moja, alikaa tu juu ya kiti ya marehemu na kukataa kutoka. "Nibebe." Nilitafuta jibu, nilikosa. Miaka yote ya kazi, na mama mwenye hajawahi kupanda jukwaa akanifunga mdomo.

Siasa sasa. Nyie hamkujua Zaire. Wakati wa chama kimoja mtu alikuwa anacheza chifu wa kijiji, chifu anakula mbuzi za watu wote, na ukumbi mzima unajua ni nani anaongelewa na hakuna mwenye anasema. Tulijifunza kupita pembeni. Leo mnaweza kutukana waziri ku simu yenu saa mbili asubuhi, sawa, lakini naona michezo mingi inatukana tu, haionyeshi kitu. Chifu wa mbuzi alikuwa anauma zaidi. Na wakati wa kampeni watakuja kununua uso wako, tisheti, kofia, kupanda juu ya gari. Fikiri kwanza. Mandat, muda wa kukaa ku cheo, ni miaka mitano, halafu yule akianguka weye utabaki mu mji na ile tisheti ku kumbukumbu ya watu. Jengo la 30 Juin pale mjini lilijengwa miaka ya 1950 kuwa teyatri, kiisha wabunge wa jimbo wakaingia humo. Wachezaji wametoka, wakaingia wachezaji.

Lakini kitu kimoja mi sichekei. Kamzaha ka kabila. Ni kepesi sana, unaiga namna fulani wanavyoongea, unasema wale ni wabahili, wale ni wachawi, wale wanapenda cheo, na watu wanacheka pale pale. Miye ni wa umri wa 1992 na 1993. Niliona watu wenye asili ya Kasai wakifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala ku gare na magodoro na masufuria, juma kwa juma, wakingojea treni, na wengine walifia pale pale. Walikuwa majirani, walikuwa walimu wetu, kulikuwa na wenzetu wa teyatri wenye familia zao zilipanda ile treni na hawakurudi kwa mazoezi. Yale mambo hayakuanza na mawe, yalianza na maneno, na mengine yalikuwa ya kuchekesha. Iga namna mtu anaongea, ndiyo, nimeshasema juu kwamba ni kazi yetu. Lakini mpe akili, mpe sababu, mpe siku moja ya kushinda mu mchezo. Kama kila mara mtu wa kabila ile ni mjinga ao mwizi, weye hauchezi tena, unafanya kitu kingine.

Wasichana, dada zangu, hii ni yenu na wazazi wasome pia. Kuna wanaume mu mji huu wanajiita produsa na mkurugenzi juu wana kamera moja ya kukodi. Kujaribiwa kwa mchezo kunafanyika mchana, mlango wazi, na watu wengine wakiwemo. Si hoteli, si saa mbili ya usiku, si "njoo peke yako tuone kama unaweza kucheza mapenzi". Njoo na dada yako ao na rafiki, na yule mwenye atakasirika juu umekuja na mtu, umeshapata jibu, rudi nyumbani. Na wanaume wa kundi, mwenzenu akifanya hivyo msiseme "ah, yule njo alivyo". Mfukuzeni. Tulipoteza wachezaji wazuri wa kike kwa sababu ya kunyamaza, na kiisha tunalia kwamba hakuna wanawake, mpaka mwanaume anavaa kitambaa kucheza mama. Pia bwana zenu: mama akimshika mkono mwanaume ku jukwaa, ni kazi. Baba mwenye hawezi kuvumilia hiyo ajulikane kabla ya ndoa.

Karatasi. Hapa wasanii wote tunaumwa ugonjwa mmoja, kuona haya kuongea makuta. "Tutaelewana, muzee." Hatukuelewana. Kuna stesheni moja, sitaitaja, ilipitisha michezo yetu miaka na miaka, na matangazo ya sabuni katikati, na sisi tulipewaka nauli na sanduku la soda. Tulipoenda kudai walituuliza karatasi. Hatukuwa nayo hata moja. Sheria iko, ya tarehe 5 Aprili 1986, inalinda mtunzi na hata mwenye kucheza, na SOCODA njo shirika la kukusanya haki hizo, kama inakusanya vizuri ao hapana hiyo ni mada ingine na tutalala. Lakini bila karatasi hata sheria nzuri haina mahali pa kushika. Ukurasa mmoja inatosha: nani anacheza, itapita wapi, mara ngapi, kwa muda gani, bei gani, nusu mbele. Ku Facebook na YouTube pia, waandike nani ana haki ya kuposti na makuta ya matangazo yakiingia yanagawanywa namna gani, juu nimeshaona kundi la marafiki toka shule ya msingi likivunjika kwa sababu ya mtu mmoja mwenye kushika pasiwadi.

Ya mwisho si ushauri, ni ombi, na nyie wa simu mnaweza kunisaidia kuliko mimi nyinyi. Michezo yetu ya miaka ya 1980 na 1990 iko ku kaseti za VHS, mu makabati, chini ya vitanda, mu nyumba za wachezaji wenye wameshakufa. Joto na unyevu wa masika unaikula, filamu ya ndani inashikana, na watoto wa marehemu wakihama wanatupa, hawajui ni nini. Kama kwenu iko kaseti, hata haina jina, hata iko nusu, usiitupe na usijaribu kuisafisha na maji. Isimamishe wima mahali pakavu, uniandikie. Tayari nimekusanya kiasi, iko mu sanduku la bati kwangu. Ile inakosekana ni mashini. Niliyo nayo inakula kaseti, siithubutu tena. Mwenye bado na VHS inayotembea vizuri, hata kwa kuazima wikendi, hata iko Likasi, nitalipa bisi mimi mwenyewe, na mtoto wa mtu mwenye anajua kuingiza ile picha mu kompyuta aje naye, atakula bukari kwetu.